Jinsi ya kulipima soko la IT la Oman kabla hujatia pesa yako au hujatuma CV

Kila mwaka zinatoka ripoti za makampuni ya utafiti, mara soko la IT la Oman litakua asilimia kadhaa kila mwaka, mara litafika mabilioni, na kila zikitoka watu wa Zanzibar, Dar na Mombasa wanazirusha kwenye magrupu ya WhatsApp kama vile ni tangazo la kazi. Ripoti yenyewe inauzwa dola elfu na kitu, unachokisoma wewe ni lile tangazo la kuiuza tu. Sasa hapa nataka niwaelekeze jinsi ya kulipima soko hili nyinyi wenyewe kwa vitu ambavyo viko bure, manake Oman ni nchi ndogo na mambo yake mengi yako wazi ukijua pa kutazama. Nawaandikia zaidi wenye vikampuni vya softiwea huko kwetu wanaotaka kuuza huku, na vijana wanaotafuta kazi, na nyinyi mliozaliwa Maskati mnaozungumza Kiswahili nyumbani pia mtapata lenu.

Anza na idadi ya watu. Oman nzima ina watu milioni tano na ushei, na zaidi ya asilimia 40 ni wageni, wengi wao Wahindi, Wabangladeshi na Wapakistani wa kazi za mikono ambao riyali wanayoipata inakwenda kwao. Kwa kulinganisha, sensa ya Tanzania ya 2022 iliipa Dar peke yake watu karibu milioni 5.4. Kwahiyo ukija na wazo la apu ya watu wote, ya chakula, ya teksi, ya kutumiana pesa, jua unagombania wateja wachache ambao tayari wana Talabat, wana OTaxi ya wenyewe Waomani, wana Thawani kwenye malipo, na apu yoyote inayofanya vizuri Dubai au Riyadh inavuka mpaka ndani ya miezi. Sisemi haiwezekani ila kwa mtu wa nje mwenye mtaji mdogo mie nisingeanzia hapo.

Swali la kujiuliza ni nani anayelipa. Hapa wanunuzi wakubwa wa IT ni serikali, makampuni ya mafuta na gesi kama PDO na OQ, mabenki, na makampuni ya simu, yaani Omantel, Ooredoo na Vodafone aliyeingia sokoni mwanzo wa 2022. Hao ndio soko. Wengine wote, mahoteli, mahospitali binafsi, maduka ya Ruwi, wanafata nyuma. Ukilijua hilo kazi yako ya kupima inakuwa nyepesi maana badala ya kutafuta takwimu za soko zima unafatilia mifuko minne mitano tu.

Mfuko wa kwanza, serikali, unajazwa na mafuta. Kila tarehe 1 Januari au karibu na hapo Wizara ya Fedha inatoa bajeti, na ndani yake kuna namba moja ambayo mtu wa IT anatakiwa aijue kuliko ripoti zote, bei ya pipa waliyoipigia hesabu. Bajeti ya 2025 ilipigwa kwa dola 60. Unafungua simu unatazama bei ya mafuta ya Oman sokoni, ikiwa juu ya hapo kwa miezi kadhaa basi projekti zinatembea na wakandarasi wanalipwa, ikishuka chini ikakaa huko, usitegemee tenda mpya kubwa. Iliwahi kutokea baada ya 2014 bei ilipoanguka na ikatokea tena 2020, mwaka ambao deni la serikali lilipanda likakaribia asilimia 70 ya pato la taifa. Na sababu ni rahisi, mshahara wa mwalimu huwezi kuusogeza mbele, mfumo mpya wa kompyuta wa wizara unaweza. Tangu hapo wamelipunguza sana deni, S&P (kampuni inayopima uwezo wa nchi kulipa madeni) wakairudisha nchi kwenye daraja la kuaminika kwa wawekezaji Septemba 2024, kwahiyo hali ya sasa ni nzuri kuliko miaka kumi iliyopita. Lakini bado ni nchi ya mafuta, asikudanganye mtu.

Halafu angalia mipango, ila isome kwa jicho la mfanyabiashara. Mpango mama ni Ruya ya Oman 2040, ulianza kutekelezwa 2021 chini ya Sultan Haitham. Ndani yake kuna programu ya taifa ya uchumi wa kidijitali ambayo imejiwekea lengo uchumi huo utoke kwenye kiasi cha asilimia 2 ya pato la taifa ufike asilimia 10 ifikapo 2040. Lengo sio pesa. Usiandike kwenye mpango wako wa biashara kwamba soko litakua mara tano kwa sababu serikali imesema. Kinachofaa kutazamwa ni mpango wa miaka mitano mitano, ule wa kumi ulikuwa 2021 mpaka 2025, wa kumi na moja ni 2026 mpaka 2030, maana wizara zinapanga matumizi yao humo. Na kuna dalili kwamba kazi inafanyika kweli na sio maneno matupu, kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya serikali mtandao Oman ilikuwa ya 50 mwaka 2022 ikapanda hadi ya 41 mwaka 2024. Ukitaka mlango mmoja wa kubisha kwa mambo yote haya ni Wizara ya Uchukuzi, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari, iliyoundwa 2020 zilipounganishwa wizara mbili.

Sasa nakuja kwenye kitu ambacho mie nakiona ndio ufunguo na watu wengi wanakiruka. Oman soko la IT linakua kwa amri. Sheria ikitoka, watu wote wanalazimika kununua kitu fulani ndani ya muda fulani, hata wasiotaka. Ukiweza kusoma amri za sultani na maagizo ya wizara kabla ya wenzako basi umeshajua kitakachonunuliwa mwakani.

Mifano iko mingi. VAT ya asilimia 5 ilianza Aprili 2021, na kila mwenye mauzo ya kuanzia riyali 38,500 kwa mwaka alitakiwa ajisajili, sasa fikiria maduka na makampuni yaliyokuwa yanaandika hesabu kwenye daftari au kwenye Excel, wote wakawa wanatafuta softiwea ya uhasibu kwa pamoja. Mwanzo wa 2022 Wizara ya Biashara ikalazimisha biashara za aina kadhaa, migahawa, maduka ya vyakula, dhahabu, vifaa vya umeme, ziwe na njia ya malipo ya kielektroniki, mashine za kadi zikaenea hadi kwenye vibanda. Mwaka huohuo 2022 ikatoka sheria ya kulinda taarifa binafsi, amri ya sultani namba 6/2022, ikaanza kazi Februari 2023 na kanuni zake zikafata 2024. Hii bado haijaisha utamu, kwa sababu kila hospitali, shule, benki na duka la mtandaoni linaloshika majina na namba za watu linatakiwa liwe na utaratibu wa ruhusa, wa kuhifadhi, wa kutoa taarifa pakitokea uvujaji, na wengi bado hawajui waanzie wapi. Na mamlaka ya kodi imeshatangaza ankara za kielektroniki zinakuja kwa awamu, wanaanza na walipakodi wakubwa halafu wanateremka kwa wadogo. Kama una kampuni Dar ambayo imeshafanya kazi na mashine za risiti za EFD za TRA, mamlaka ya kodi ya Tanzania, huo uzoefu una thamani huku, sio softiwea yenyewe maana utaratibu ni tofauti, lakini kule kujua mfanyabiashara anakwama wapi siku ya kwanza ya mfumo mpya.

Kwahiyo fanya hivi, fungua Excel yako, andika amri au agizo, tarehe ya kuanza, nani analazimika, atahitaji kununua nini. Sheria zinapatikana mtandaoni kwa Kiarabu na nyingi zina tafsiri ya Kiingereza, usitegemee magazeti peke yake manake yanaandika kichwa cha habari na yanaacha vifungu. Orodha hiyo ukiijaza vizuri hutohitaji ripoti ya mtu.

Kitu kingine cha kutazama ni mikongo ya baharini, na hapa Oman ina bahati ya jiografia. Pwani yake kubwa iko nje ya mlango wa Hormuz, inatazama bahari ya Arabuni, kwahiyo mikongo inayotoka Asia kwenda Ulaya na Afrika inateremka hapa bila kuingia ndani ya Ghuba. Barka kuna data senta, yaani jengo la kuwekea kompyuta za kuhifadhi data, ya Equinix waliyoijenga kwa ubia na Omantel, Salalah nako wamejenga, na mkongo wa Oman kwenda Australia umefika Perth. Mkongo wa 2Africa, ule mrefu wa kilomita 45,000 unaozunguka bara zima, unateremka Oman na unateremka Mombasa na Dar pia. Mikongo ilipokatika Bahari Nyekundu mwaka 2024 na tena Septemba 2025, kila mtu akaanza kutafuta njia nyingine na Oman ikazidi kutazamwa. Tangu zamani tuliunganishwa na bahari hii kwa majahazi, sasa tunaunganishwa kwa nyuzi za kioo, haya.

Ila msijazwe upepo na neno data senta. Jengo la mamilioni ya dola likikamilika linaajiri watu wachache mno, tena wengi ni wa umeme, vipoza hewa na ulinzi. Faida yake kwa mtu wa kawaida inakuja kwa mzunguko, klaudi, yaani kompyuta za kukodi kupitia mtandao, inakuwa karibu, serikali na mabenki ambayo hayaruhusu data zao zitoke nje yanaweza kuhamia klaudi ya ndani, kuna Oman Data Park tangu 2012, na hapo ndipo wanapohitajika watu wa kuhamisha mifumo, kuilinda na kuisimamia. Ukiona habari ya data senta mpya, usijiulize wataajiri wangapi, jiulize nani atahamia humo na anahamisha nini.

Haya tuje kwenye tenda, maana hapa ndio utapima kwa namba za kweli. Ile Bodi ya Tenda ya Oman, ambayo tangu 2025 imekuwa Mamlaka ya Miradi, Tenda na Maudhui ya Ndani, ina websaiti yake ambapo tenda za serikali zinatangazwa, na zikifunguliwa bei za waombaji zinawekwa hadharani. Yaani unaweza kukaa Unguja ukaona kampuni fulani imeomba kutengeneza mfumo fulani kwa riyali ngapi na mwenzake kwa ngapi. Sijui kwanini watu wananunua ripoti wakati hii ipo. Pitia tenda za IT za miaka miwili nyuma, andika jina la wizara, kazi, bei ya chini, bei ya juu, na nani kashinda. Ukimaliza utaona mambo mawili. La kwanza majina yanajirudia, soko limeshikwa na makampuni machache ya Kiomani na matawi ya makampuni makubwa ya nje. La pili bei zinapishana sana kwa kazi ileile, na hiyo inakwambia wanunuzi bado hawana uhakika kitu kinagharimu ngapi. Mgeni mdogo hashindi tenda hizi moja kwa moja. Anaingia chini ya mshindi kama mkandarasi mdogo, kwahiyo hayo majina yanayojirudia ndio wateja wako, waandikie wao.

Kuna asilimia 10 ya tenda za serikali imetengwa kwa makampuni madogo na ya kati yenye kadi ya Riyada, lakini kadi hiyo ni ya Waomani wanaosimamia biashara zao wenyewe. Nyinyi vijana wa Maskati, Ibra na Sur hiyo ni yenu, na mkishirikiana na madeveloper wa Dar au Nairobi kwa mkataba wa halali mnaweza kutoa bei nzuri kuliko wanaokodi watu mjini hapa. Upande wa mafuta kuna usajili wake peke yake, unaitwa JSRS, mfumo wa pamoja wa kusajili wauzaji, bila huo PDO na wenzake hawakuoni.

Kwa wanaotafuta kazi, hapa niwe mkweli hata kama inauma. Kukua kwa soko na kuongezeka kwa kazi kwa wageni ni vitu viwili. Serikali inataka kazi za IT ziende kwa Waomani kwanza, omanaizesheni wanaiita, na kila mara Wizara ya Kazi inaongeza fani zisizoruhusiwa wageni. Programu ya Makeen ilianzishwa 2022 ili kuwafundisha vijana 10,000 wa Kiomani ujuzi wa kidijitali, na vyuo vinatoa wahitimu kila mwaka. Kwahiyo kazi za kukaa helpdesk, kufunga kompyuta, kusimamia netiweki ndogo ya ofisi, hizo zinafungwa taratibu, na hata zikipatikana mshahara wake hauna maana kwa mtu mwenye familia nyumbani. Kinachobaki wazi ni utaalamu ambao bado haujatosha ndani: usalama wa mitandao khasa wa mitambo ya viwandani kwenye visima na bandari, watu waliokomaa kwenye SAP na Oracle, ile mifumo ya kuendeshea makampuni makubwa, wahandisi wa klaudi, wa data. Na cheti peke yake hakitoshi, wanataka miaka ya kazi.

Na tafadhali, mtu akikuuzia "viza huru" ya Oman, yaani uje kwa kampuni ya jina tu halafu ujitafutie kazi mwenyewe, kimbia, kitu hicho hakipo kisheria, ukikamatwa utarudishwa na dalali hutomuona tena. Afadhali jambo moja lilirekebishwa, tangu Januari 2021 aliyemaliza mkataba wake anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila kuomba ile barua ya ruhusa, NOC, kwa kafili wa zamani. Kabla ya hapo watu walikuwa wanateseka kweli.

Ukiamua kufungua kampuni kabisa, sheria ya uwekezaji wa kigeni namba 50/2019 iliyoanza Januari 2020 inaruhusu mgeni amiliki asilimia 100 kwenye shughuli nyingi, hulazimiki tena kutafuta Muomani wa kuweka jina. Usajili unafanyika mtandaoni, na kama Kiarabu kinakupiga chenga nenda ofisi yoyote ya Sanad, wamejaa kila mtaa, watakujazia kwa riyali chache. Tangu 2025 kampuni ya mgeni ikitimiza mwaka inatakiwa iwe imeajiri Muomani angalau mmoja, na mshahara wa chini wa Muomani ni riyali 325 kwa mwezi, sasa tia hiyo kwenye hesabu kabla hujafurahi. Kodi ya faida ya kampuni kwa kawaida ni asilimia 15. Kodi ya mshahara haipo kwa sasa, imepitishwa itaanza 2028, asilimia 5 kwa kipato kinachozidi riyali 42,000 kwa mwaka, kwahiyo wengi wetu hapo tuko salama jamani. Riyali imefungwa kwa dola, riyali moja ni dola 2.6 tangu 1986, uzuri wake ukisaini mkataba wa miaka mitatu unajua utapata nini.

Ugonjwa mkubwa ni malipo kuchelewa. Mkandarasi mkubwa anakwambia hajalipwa na wizara, wewe mdogo unasubiri, miezi inapita. Usije na mtaji wa kulipa mishahara ya miezi miwili. Kwenye mkataba dai malipo ya mwanzo na malipo kwa hatua, na hatua ziandikwe kwa vitu vinavyoonekana, sio "mfumo ukikamilika", maana mfumo huwa haukamiliki kama anayelipa hataki ukamilike.

Kuhusu lugha. Kiarabu ni lazima kwenye bidhaa, sio tafsiri ya menyu tu, skrini yote igeuke ianzie kulia, tarehe za Hijria, majina marefu yenye bin na al, na hapo softiwea nyingi za kwetu zinavunjika. Jaribu hilo nyumbani kabla hujaja kuonyesha mtu. Kiswahili nacho kina nafasi yake lakini ijue mipaka. Wapo Waomani wengi ambao wazee wao walirudi kutoka Zanzibar na bara baada ya 1964 na khasa baada ya 1970, wengi waliingia serikalini na kwenye mafuta kwa sababu walikuwa na elimu na Kiingereza, na mpaka leo ukimuamkia mzee shikamoo ofisini Al Khuwair unaweza ukaitikiwa marahaba ukaletewa kahawa. Kahawa utakunywa, utaelekezwa mlango wa kwenda, tenda itabaki kuwa tenda na bei zitafunguliwa hadharani kama za wengine. Msimchoshe ami wa watu kwa kumuomba kitu asichoweza kukupa.

Mwisho ni kalenda, ndogo lakini inaokoa nauli. Wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi. Ramadhani saa za kazi kwa Waislamu zinapungua mpaka sita kwa siku na maamuzi makubwa yanangoja Idi. Julai na Agosti wenye maamuzi wako Salalah kwenye mvua za kharifu au wako Ulaya, ofisini utawakuta wasaidizi tu. Safari ya kuonana na watu ipange kati ya Septemba na Novemba, wakati wizara na makampuni yanakamilisha bajeti za mwaka unaokuja, na uje na orodha yako ya amri na ya washindi wa tenda imeshajazwa, uwe unajua unakwenda kwa nani na unamuuzia nini kabla hujakata tiketi.